Kabla ya kumpeleka ng'ombe wa Orma kwenye maonyesho, angalia zizi la kurudia

Swali: Nina ng'ombe 26 wa Orma hapa Witu, damu safi isiyochanganywa: mafahali wawili, majike 14 wa kuzaa, waliobaki ni ndama na maksai wadogo. Nimeshawishiwa nimpeleke fahali wangu mkubwa na mitamba wawili kwenye maonyesho ya kilimo ya Mombasa. Mjomba anakataa, asema wataniletea sotoka. Mtu mwingine kaniambia nikiwatenga siku 21 wakirudi, yamekwisha. Niende au niache? Mfugaji, Witu, Lamu.

Jibu: Mjomba wako ana haki ya kuogopa, ila ugonjwa anaoutaja haupo tena. Sotoka mara ya mwisho ilionekana mwaka 2001, kwa nyati wa mbuga ya Meru hapa hapa Kenya, na 2011 ikatangazwa kuwa imetokomezwa duniani kote. Yaliyobaki ya kuogopwa ni mengine, na kila moja lina njia yake na siku zake. Hapo ndipo ushauri wa siku 21 unapopwaya. Kwa ugonjwa wa miguu na midomo siku hizo zinatosha kukuonyesha dalili. Kwa homa ya mapafu hazitoshi hata kidogo.

Uamuzi wako uanzie mwisho wa safari. Watatu hao wakishuka kwenye lori Witu, watalala wapi, watachungwa na nani, na watanywa maji ya wapi kwa miezi miwili kamili? Kama jibu ni zizi lile lile na mchungaji yule yule, usiende, hata chanjo zote zikiwa zimekamilika. Kama una mahali pa kuwatenga kikweli, kwenda kunawezekana. Lakini si kwa msafara uliouandika: fahali mkubwa abaki.

Sababu iko kwenye hesabu ndogo ambayo kila mwenye kundi dogo la damu adimu angepaswa kuijua. Zidisha idadi ya mafahali kwa idadi ya majike wa kuzaa, zidisha kwa 4, kisha gawanya kwa jumla yao. Kwako ni 2 mara 14 mara 4, sawa na 112, gawanya kwa 16, unapata 7. Kwa upande wa damu, kundi lako la vichwa 26 lina uzito wa wanyama 7 tu. Ukipoteza mitamba wawili, hesabu inashuka hadi 6.9, karibu hakuna tofauti. Ukipoteza fahali mmoja, inaanguka hadi 3.7. Undugu wa damu, ambao kwa sasa unaongezeka kwa asilimia 7 hivi kila kizazi, utaongezeka kwa asilimia 13, na ndama dhaifu na majike wasioshika mimba hufuata hapo. Mwenye ranchi ya ng'ombe 400 akifiwa na fahali, amepata hasara ya pesa. Wewe unapoteza nusu ya ulichokuwa ukikilinda.

Kwa hiyo peleka mitamba wawili wasio na mimba. Ukitaka watu waone dume, chagua fahali mchanga ambaye ndugu yake wa baba na mama mmoja amebaki nyumbani, ama mpige picha yule mkubwa ubavuni, ukamwandikia mzunguko wa kifua, urefu begani na umri. Ukipania siku moja asimame uwanjani mwenyewe, kwanza mbegu zake zihifadhiwe. Kituo cha taifa cha rasilimali za kijenetiki za wanyama, KAGRC cha Kabete, ndicho chenye kazi hiyo. Zungumza nao mapema, kwa sababu fahali hupimwa kabla mbegu zake hazijachukuliwa.

Lakini usijidanganye kwamba kubaki nyumbani ni usalama mtupu. Kila kiangazi kikali mifugo ya bara hushuka kwenye delta ya Tana na kusogea hadi kwenu kutafuta majani na maji. Kama ng'ombe wako hunywa silanga moja na wageni hao, boma lako halijawahi kuwa kisiwa, na sehemu kubwa ya unachokiogopa Mombasa tayari hupita mlangoni pako. Maonyesho yanaongeza hatari juu ya ile uliyo nayo. Kinachotakiwa ni kujua yanaongeza nini.

Yanaongeza kwanza ugonjwa wa miguu na midomo. Kirusi chake huishi mateni na kwenye malengelenge, na ng'ombe aliyeambukizwa huanza kukitoa kabla hata lengelenge moja halijaonekana. Dalili huja kati ya siku 2 na 14. Kenya ina aina kadhaa za kirusi hiki, O, A, SAT 1 na SAT 2, na kinga ya aina moja haizuii nyingine, kwa hiyo uliza chanjo uliyopewa ina aina zipi. Jambo linalosahauliwa na wengi ni hili: ng'ombe aliyechanjwa anaweza kukutana na kirusi, asiugue, na bado akakibeba kooni kwa miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Wafugaji huchanja wale wanaosafiri na kuwaacha wa nyumbani. Huko ni kufunga mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi. Wanaobaki ndio wanaohitaji chanjo hiyo zaidi, maana wao ndio watakaopokea kilichorudi.

Homa ya mapafu ndiyo inayonitia hofu zaidi kwa kundi kama lako. Huenezwa kwa pumzi, ng'ombe kwa ng'ombe wakiwa karibu, na maonyesho yenyewe ni ng'ombe kusimama karibu siku kadhaa. Dalili huweza kukaa mwezi, miezi miwili, hata mitatu kabla ya kutokea. Aliyepona, au aliyedungwa dawa kienyeji akanyamaza, anaweza kubaki na pande la pafu lililooza likiwa limezungukwa na ganda gumu, akaonekana mzima mwenye manyoya yanayong'aa. Ukimtazama mgonjwa wa kweli utamjua: asubuhi akisimama au akitoka kunywa maji hukohoa kikavu, shingo ameinyoosha mbele, viwiko amevitenga na mbavu kama anayeogopa kujigusa. Asiyeonyesha hayo hujulikana kwa damu tu.

Ugonjwa wa mapele ya ngozi huletwa na wadudu wanaouma, hasa nzi wa zizini na mbu, na uwanja wenye samadi na maji yaliyotuama huwapa makao. Dalili huja ndani ya wiki moja hadi nne. Ndigana kali ni habari ya kupe wa masikio wa rangi ya kahawia, ambaye hupenda ukanda wenye unyevu. Ng'ombe aliyezaliwa na kukulia kati ya kupe hao mara nyingi ana kinga ya tangu utotoni, lakini mtamba uliyemnunua juzi kutoka sehemu kavu za Hola au Garsen hana kitu, na kupe wachache wa safarini wanatosha kumuua.

Kuna nagana pia, ugonjwa wa vimelea vya damu unaoletwa na mbung'o, ambao wenye ng'ombe wa Orma huudharau. Ni kweli ng'ombe hawa wana sifa hiyo. Utafiti wa miaka ya 1980 kwenye ranchi ya Galana, huku nyuma ya Malindi, ulionyesha kwamba Orma huambukizwa mara chache kuliko Boran wa ranchi walioboreshwa, na wakiambukizwa damu yao haipungui haraka. Ndiyo sababu kubwa ya kuwatunza. Lakini kustahimili si kutougua. Vimelea hukaa damuni kimya, na safari, jua, kukosa usingizi na kubadilishiwa majani huvunja ustahimilivu huo. Mtamba aliyeondoka Witu mzima huanza kunywea siku ya tatu uwanjani, na watu wakadhani ameambukizwa huko. Amekuja nao. Hapo pia una wajibu kwa wenzako: ng'ombe wa maziwa wa Kilifi na Mombasa hawana ustahimilivu wa wako, na nzi wanaouma wanaweza kuhamisha damu yenye vimelea kutoka mmoja hadi mwingine.

Sasa matayarisho. Anza siku 75 hadi 80 kabla, na ufuate mpangilio, kwa sababu jambo moja huharibu jingine likija nje ya zamu yake. Kwanza daktari wa mifugo achukue damu ya wale watakaosafiri kwa vipimo vya homa ya mapafu na brusela, ugonjwa wa kutupa mimba, na afanye kipimo cha kifua kikuu cha ngozi shingoni, kinachosomwa baada ya saa 72. Damu ikishachukuliwa ndipo kundi lote lichanjwe homa ya mapafu kwa T1/44. Ukigeuza mpangilio, chanjo yenyewe inaweza kuonekana kwenye kipimo kama ugonjwa kwa miezi mitatu hivi. Chanjo hiyo ni ya vimelea hai, kwa hiyo asidungwe ng'ombe yeyote antibiotiki kama oksitetrasaiklini au tailosini karibu na siku hizo. Zinaua chanjo, nawe unabaki na cheti kisicho na kinga. Ikishachanganywa ikae juu ya barafu, kivulini, imalizwe upesi, na iliyobaki itupwe siku hiyo hiyo. Uvimbe mahali pa sindano wiki mbili tatu baadaye si ajabu, lakini ukizidi kukua mwite daktari.

Kama una mtamba asiyewahi kuishi na kupe wa ndigana kali na ukataka achanjwe, chanjo hiyo itangulie zote, wiki nne nzima kabla ya T1/44, kwa sababu hutolewa pamoja na oksitetrasaiklini ya muda mrefu. Na ujue kwamba aliyechanjwa hivyo hubaki mbebaji. Kupe wa nyumbani wakimuuma wanaweza kuwapelekea wenzake wasio na kinga, kwa hiyo mzungumze na daktari kuhusu kundi lote.

Chanjo ya miguu na midomo, kama hawajawahi kuipata, ni sindano mbili: ya kwanza siku 60 kabla, ya pili wiki nne baadaye, na baada ya hapo kila miezi sita. Ihifadhiwe nyuzi 2 hadi 8. Iliyoganda haifai tena, hivyo chupa isigusane na barafu moja kwa moja, weka kitambaa katikati. Ya mapele ya ngozi itolewe angalau wiki tatu kabla ya kuondoka. Kimeta na chambavu ni za kila mwaka, sina haja ya kukukumbusha.

Wiki sita kabla, pima wingi wa damu, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu. Mnyama aliye chini ya asilimia 25 asisafiri, atibiwe kwanza. Kwa kinga ya nagana, isometamidiamu ya asilimia 2 hudungwa mililita 2.5 kwa kila kilo 100, kwa hiyo mtamba wa kilo 300 anapata 7.5, ndani kabisa ya msuli wa shingo. Hukinga kati ya miezi miwili na minne. Isitolewe wiki ya maonyesho, kwa sababu huacha nundu ngumu shingoni. Na kila mnyama apate sindano yake safi. Sindano moja kwa kundi zima huhamisha nagana na ndigana baridi kuliko nzi yeyote.

Siku mbili kabla ya safari waogeshe. Dawa ya kupe ya amitrazi ya asilimia 12.5 ni mililita 40 kwenye bomba la mgongoni la lita 20. Kosa la kawaida si kipimo, ni uvivu wa mkono: mgongo unalowa chapa, na kupe wako ndani ya sikio, chini ya mkia, kwapani na kati ya mapaja. Pindua sikio, lowesha ndani yake, fuatisha kidole uhakikishe.

Lori ulitazame mwenyewe. Dawa ya kuua viini haipenyi samadi, hivyo kwanza samadi ikwanguliwe yote, kisha sabuni na brashi, kisha dawa. Kirusi cha miguu na midomo hakivumilii tindikali wala magadi. Sodiamu kaboneti, yaani magadi ya kufulia, gramu 800 kwenye lita 20 za maji inamuweza, ikiachwa dakika 10 au zaidi. Kwa vyuma tumia tindikali ya ndimu ya unga, gramu 40 kwa lita 20. Usivichanganye viwili hivyo, maana vinauana. Vaa glavu, na usisahau zulia la miguuni pa dereva na viatu vyake. Lori lisipakie ng'ombe wa mtu mwingine, na katika kilomita zaidi ya 250 za kupitia Garsen, Malindi na Kilifi usiwashushe kwenye zizi la mtu eti wapumzike. Wape maji ndani ya lori, kwa ndoo yako. Kibali cha kuhamisha mifugo uwe nacho mkononi, na uhakikishe mapema kwamba daktari wa mifugo wa huko unakokwenda hana pingamizi.

Uwanjani omba nafasi ya pembeni, kibanda kimoja kitupu kati yako na jirani, mbali na kondoo na mbuzi, ambao huweza kuwa na miguu na midomo bila dalili ya maana. Ndoo, kamba, brashi, majani, vyote viwe vyako. Birika la pamoja usiliguse. Lakini kuna mlango mmoja ambao hata wafugaji waangalifu huuacha wazi, nao ni meno. Anayekagua umri hushika taya, hubana mdomo wa chini kwa kidole gumba, mate humtiririkia mkononi, ahesabu meno, apanguse kwenye suruali, aende kwa ng'ombe wa pili. Mkono huo umepita midomo ya banda zima. Mfungue mtamba wako mdomo wewe mwenyewe, kwa mkono wako, naye atazame bila kugusa. Akisisitiza, aoshe mikono kwa sabuni mbele yako au avae glavu mpya. Jaji mwenye kujua kazi yake hataudhika. Hali kadhalika koleo la pua, usiazime wala usiazimishe.

Pima joto kila alfajiri kabla jua halijachoma, kwa sababu adhuhuri ya Mombasa humpandisha hata mzima. Kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.3. Asubuhi ikisoma 39.5 au zaidi, mtenge na umwite daktari wa uwanja hapo hapo, usingoje mate. Na beba majani na pesa za wiki mbili za ziada. Ugonjwa ukizuka uwanjani karantini huwekwa, na hakuna anayetoka. Wengi huondoka kwa siri usiku si kwa ubaya, bali kwa kuwa ng'ombe hawana cha kula. Majani yaliyobaki usirudi nayo.

Zizi la kutenga liwe mita 200 au zaidi kutoka boma kubwa, na liwe upande wa magharibi. Kusi hutoka kusini-mashariki na kaskazi kaskazini-mashariki, kwa hiyo magharibi ni chini ya upepo misimu yote miwili. Maji yake yasitiririkie mnywesheo wa kundi. Kama mchungaji ni mmoja, ahudumie kundi kwanza, waliotengwa mwisho, kwa kanzu na viatu vinavyobaki kule kule. Waogeshe siku wanaposhuka, kabla ya kukanyaga ndani.

Siku 30 za kwanza pima joto kila asubuhi, tazama mdomo, katikati ya kwato, chuchu na ngozi, na shika tezi zilizo chini ya masikio na mbele ya bega. Ndigana kali huvimbisha hapo, na dawa ya buparvakwoni huokoa ikitolewa siku mbili za mwanzo za homa, si baada ya ng'ombe kulala chini akipumua povu. Siku ya 30 ichukuliwe damu ya homa ya mapafu. Kama uliwachanja siku 70 kabla ya safari, miezi mitatu ya chanjo kuchanganya kipimo itakuwa imepita. Siku ya 60 irudiwe. Ukisikia kwamba ng'ombe yeyote aliyekuwa uwanjani ameugua kifua, ongeza hadi siku 90 na kipimo cha tatu.

Safari ivunjwe moja kwa moja kama kuna karantini Lamu, Tana River, Kilifi au Mombasa, kama yuko anayekohoa bomani mwako au kwa jirani, au kama masika yamefurika isivyo kawaida, mbu wamejaa na kondoo wanatupa mimba. Hiyo ya mwisho ni dalili ya Homa ya Bonde la Ufa, ile iliyotupiga 2006 na 2007, nayo huua watu pia. Wakati huo usiguse kilichotupwa kwa mikono mitupu, na usikubali chanjo ya haraka kwa sindano ya kupokezana.

Vipimo vya siku ya 60 vikirudi safi, waingize asubuhi wakiwa wameogeshwa, na uendelee kupima joto la majike wanaolala karibu nao kwa siku 14. Andika kila kipimo kwenye daftari, na namba ya hereni ya kila mnyama. Mwakani ukimwendea daktari kwa kibali, mpe daftari hilo kwanza.